Mwalimu akijipa tano kila mahali, mwombe mfungue kabati la vifaa

Nilipopewa kuwezesha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) ya sayansi na teknolojia huku kwetu Rungwe, nikasema ngoja kwanza nijue walimu wenzangu wanajiamini kiasi gani. Nikatunga dodoso usiku, nikaligawa ofisini asubuhi mvua inanyesha kama kawaida ya Tukuyu, nikawaambia waandike na majina. Kosa hilo. Walijaza chapchap huku mwalimu mkuu anapita nyuma yao na kikombe cha chai, majibu yakaja tano tano, yaani nakubali sana, nakubali sana, juu mpaka chini, mi nikafurahi kweli.

Wiki hiyohiyo tukafika kwenye saketi. Jamaa mmoja alikuwa amejipa tano kwenye umeme, tukafungua boksi la vifaa, waya bado zimefungwa vilevile zilivyotoka dukani na betri zimevuja hadi zimegandana. Akanivuta pembeni, "kaka, hii mada mi huwa nachora ubaoni tu."

Kwa hiyo usiulize mtu kama anajiamini kufundisha sayansi, nani atakataa? Uliza kitu cha kushika: naweza kuwasha balbu mbele ya darasa, na isipowaka najua pa kuanzia kutafuta. Majina ondoa, na bosi asikusanye fomu.

Halafu usichanganye mambo. Kuna dodoso maarufu la Wamarekani Riggs na Enochs la mwaka 1990, lina sentensi 25 za kujibu kwa ngazi tano, na alama zake zinahesabiwa mafungu mawili, moja ni mimi naweza kufundisha, la pili ni kwamba nikifundisha vizuri mtoto ataelewa kweli. Mi nilijumlisha kila kitu nikapata wastani mmoja ambao haukunisaidia chochote, maana mwalimu anayeogopa kompyuta na yule anayeijua vizuri ila ameshawakatia tamaa watoto wanaoshinda shambani wanapata alama sawa, na dawa yao si moja hata kidogo. Weka pia sentensi za kukana, kama "siwezi kuwasha balbu", ila ukumbuke kugeuza alama zake, tano iwe moja (mi nilisahau, nikarudia kuhesabu fomu zote kwa mkono). Na jaribu kwa wawili watatu kwanza, kuna sentensi yangu mama mmoja aliniuliza, sasa hapa unaniuliza mimi au wanafunzi?

Kilichonishtua zaidi, baada ya semina alama zilishuka! Nikadhani nimewaharibu, kumbe mwanzoni hawakujua wasichokijua, sasa wameshika waya ndo wameona ugumu. Siku hizi mwishoni naweka safu mbili: kabla ya semina ulikuwa wapi, na sasa uko wapi.

Yule jamaa wa saketi, maana mwandiko wake naujua tu, kabla alijipa moja, sasa tatu. Chini akaongeza kwa kalamu nyekundu: betri ananunua nani?