Usisubiri helikopta ikwambie betri imeisha

Nilipoanza kurusha helikopta ndogo ya umeme, ya kuongozwa kwa rimoti, betri nilikuwa naipima kwa sikio. Mlio wa mapanga ukipoa kidogo, natua. Mtindo huo ulinifaa mpaka siku niliyokuwa juu kama mita 10, kidhibiti cha mota kikakata umeme bila hodi. Kutua bila mota nilikuwa sijajifunza. Mapanga yalivunjika, mhimili mkuu ukapinda, mkia ukakatika. Betri nayo ikavimba.

Kosa langu lilikuwa kuidhania lipo, yaani betri ya lithiamu-polima ya helikopta hii, kama betri za tochi, zinazofifia polepole. Seli, yaani kila kimoja cha vipande vinavyounda betri, ikijaa ina volti 4.2. Hushuka upesi mwanzoni, kisha hujikokota kwenye 3.8 na 3.7 kwa sehemu kubwa ya safari, halafu mwishoni huporomoka. Kwa hiyo sikio likishagundua mabadiliko, umechelewa. Na volti ya angani nayo ina ujanja wake: ukiipandisha helikopta kwa nguvu, inazama, ukitulia, inarudi. Utaiamini ipi?

Siku hizi naiamini chaja. Chaja nyingi za lipo huonyesha ni mAh (kipimo cha kiasi cha chaji) ngapi zimerudi kwenye betri, na zilizorudi ni karibu sawa na zile ulizotumia. Betri yangu ni ya seli 3, 2200 mAh. Niliichaji ikajaa, nikarusha dakika 4 tu kwa taima ya rimoti, nikaichaji tena. Chaja ikaandika 1320. Maana yake natumia 330 kwa dakika. Wengi wetu hatupendi kuvuka asilimia 80 ya betri, yaani 1760 kwa hii yangu, ambayo ni dakika 5 na sekunde 20. Taima nikaiweka dakika 5. Zile sekunde 20 ni za kutafuta pa kutua, na siku ya upepo unazitumia zote.

Usifanye hesabu hii mara moja ukaridhika. Mimi nilirudia safari nne, nikachukua ile iliyokula zaidi. Anayeelea tu mahali pamoja na anayeipindua kichwa chini hawawezi kutumia taima moja, hata kama helikopta na betri ni zilezile. Ukibadilisha mapanga au kasi ya rota, pima upya. Taima yenyewe ifunge kwenye swichi ya mota, ianze bila kukutegemea, maana utasahau. Nilisahau mara ngapi!

Kama rimoti yako inapokea taarifa za volti kutoka angani, ni msaada mzuri wa pili. Mimi nimeweka inionye kwa mtetemo seli ikikaa chini ya 3.5 kwa sekunde kadhaa. Bila huo muda wa kusubiri italia kila ukivuta nguvu. Vile vikengele vya kuonya volti ikishuka, vinavyochomekwa kwenye waya wa kusawazisha (waya mdogo wa betri unaofika kila seli), sivipendi kwenye helikopta, mlio wa mapanga unavimeza. Kidhibiti cha mota nacho, kama kinaruhusu, kiwekee kupunguza nguvu polepole badala ya kukata ghafla.

Ukishatua, iache betri dakika chache, kisha pima kila seli peke yake. Nikikuta 3.7 na ushei, na zote ziko pamoja, sina wasiwasi. Seli ileile ikibaki nyuma ya wenzake safari baada ya safari, hiyo ndiyo itakayokuangusha, hata kama jumla ya volti inapendeza. Baridi pia huipunguzia lipo nguvu, basi asubuhi ya baridi naikatia taima dakika nzima.

Betri zangu nimezibandika namba, na kila moja ina ukurasa wake kwenye daftari. Namba 2 zamani ilikwenda dakika 5 bila shida. Sasa ikifika ya 4 seli yake ya kati inaanza kuachwa. Nimeiwekea dakika 3 na nusu, na ni ya kufanyia mazoezi ya kuelea chinichini tu.