Maswali Yenu: Maandishi yamekuzwa, msomaji anapotea

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasomea kompyuta chuoni hapa Mwanza, na ninaishi Igoma na mdogo wangu wa kidato cha pili, ambaye ana ualbino na uoni hafifu. Nilimtengenezea programu ya simu inayopiga picha ukurasa wa kitabu na kuukuza mara nne. Aliitumia siku tatu kwa furaha, ya nne akaiacha na kurudi kuinamia kitabu mpaka pua inakaribia kugusa karatasi. Anasema anapotea. Je, niongeze ukuzaji?

JIBU: Usiongeze, ndugu yetu. Picha inapokuzwa mara nne kwa upana na mara nne kwa urefu, kioo cha simu huonyesha sehemu moja tu kati ya 16 za kile kilichokuwa kinaonekana, hivyo mdogo wako analazimika kuusukuma ukurasa kulia hadi mwisho wa mstari, kisha kuurudisha kushoto na kuutafuta mstari unaofuata, na hapo ndipo anapopotea.

Dawa yake ni kuacha kukuza picha na badala yake kuyatambua maneno yaliyomo, ili programu iyapange upya kwa herufi kubwa, nene na zisizo na vikia (vijistari vya mapambo kwenye ncha za herufi), mistari ikiishia ukingoni mwa kioo na msomaji akishuka chini tu. Hapa Kiswahili kina tabia yake: neno kama "hawatatufundisha" linaweza kujaza mstari mzima, kwa hiyo programu lazima ijue kulikata. Bahati nzuri silabi zetu nyingi huishia na irabu, na kanuni ya kukata baada ya irabu (ha-wa-ta-tu-fu-ndi-sha) ni rahisi kuiandika. Kanuni zilizotungwa kwa ajili ya Kiingereza zinaweza kukuletea "fun-disha", jambo linalomkwaza hata mwenye macho mazima.

Ramani na michoro haipangiki upya. Akiikuza ramani ya Ziwa Victoria hadi aione Mwanza vizuri, Kisumu imeshatoka nje ya kioo. Mwekee pembeni ramani nzima, ndogo, yenye alama ya mahali alipo.

Jambo la pili ni mwanga. Wengi wenye ualbino huumizwa na mng'ao, na ukurasa mweupe wa simu ni taa iliyoelekezwa usoni, kwa hiyo mpe uwezo wa kuchagua herufi za rangi nyepesi juu ya weusi.

Wala usimkemee anapoinama. Kitabu kikisogezwa kutoka sentimita 40 hadi 10, herufi huonekana kubwa mara nne bila gharama yoyote, na kusoma kwa karibu hakumharibii macho. Kinachoumia ni shingo na mgongo. Fundi seremala anaweza kumchongea kibao chenye mwinamo cha kuegemezea kitabu, nacho, kwa maoni yetu, huenda kikamfaa kuliko programu yako. Mpeleke pia kliniki ya macho, kwa maana ualbino mara nyingi huambatana na kasoro zinazohitaji miwani, ingawa miwani hiyo haitamrudishia uoni kamili.

Kisha keti naye na ukurasa mmoja wa jiografia, mara kwa kibao na mara kwa simu, uhesabu dakika na mara alizopoteza mstari, kabla hujagusa programu tena.