Mkuu, usilipe amana kwa picha ya mchanga

Hiyo hela ya Ijumaa usiitume kwanza. Nimesoma bandiko lako hadi kichwa kikaniuma. Unasema Pasaka unawapeleka shemeji na watoto Montego Bay, Jamaika, wewe unazamia na mtungi, wao wanasnokeli, yaani wanaelea juu juu na miwani na mpira wa kupumulia. Wakala kakutumia picha za ufukwe mweupe na maneno kwamba kila kitu kimerudi kama kabla ya kimbunga Melissa, na kwamba nafasi zinaisha Ijumaa. Sasa unauliza ulipe au usubiri, hoteli ipi nzuri, viza ikoje, na kama watoto wanahitaji nguo za kuzamia. Mimi nililipa kwa picha za aina hiyo hiyo, tena za ufukwe mzuri kuliko huo wako.

Kimbunga Wilma kilitua kisiwa cha Cozumel, Meksiko, tarehe 21 Oktoba 2005 kikiwa daraja la nne kati ya tano, na badala ya kupita zake kikajikalia eneo lile karibu siku nzima kikisaga. Kiangazi kilichofuata wakala mmoja huku Texas (simtaji, ingawa vidole vinawasha) akaniuzia safari ya Cozumel, mbuzi kwenye gunia. Mchanga safi, minazi, mama mmoja kashika glasi yenye mwavuli. "Bahari imepona," akaniambia kwa simu, sauti ya daktari kabisa. Nikalipia familia nzima kwa mpigo: ndege, hoteli, boti, na ziara za snokeli kila mchana, kifurushi kisichorudishwa hela. Nina cheti cha uzamiaji, lakini kile cheti kinakufundisha kusoma geji ya hewa, hakikufundishi kusoma mkataba.

Na ujanja wa jambo lenyewe ndio huu: asubuhi ya kwanza niliona wakala kasema kweli! Nilishuka mwamba wa Palancar, halafu ukuta wa Santa Rosa (ukuta ni mwamba unaoshuka wima), kina cha mita ishirini na ushee. Mchanga umehama kidogo, sifongo kadhaa zimekwanguliwa, lakini ukuta uko hai, kobe anapita, samaki tele. Nikarudi hotelini natamba, nikawaambia wanangu leo mtaona maajabu.

Mchana tukaenda maji ya mita tatu, nne. Mzee, pale palikuwa kokoto. Matumbawe ya matawi yamevunjwa vipande vya urefu wa kidole, yamelala chini yamevaa mwani wa kijani unaoteleza. Tumbawe moja la duara, kubwa kuliko tairi la lori, limepinduliwa tumbo juu. Kila wimbi likija, vile vipande vinaviringika na kugongana, na ukiwa umezamisha kichwa unasikia mlio wake. Binti yangu akainua uso, akatoa mpira mdomoni, akauliza samaki wako wapi. Mama yake hakuuliza kitu. Aliniangalia tu, na walioolewa na waliooa humu mnajua hiyo lugha. Siku zilizobaki mimi nazamia kuzuri, wao wamekaa ufukweni wanajenga nyumba za mchanga kwa bei ya dola elfu kadhaa. Bado natajiwa hiyo safari kila nikigusa kadi ya benki.

Kwa hiyo elewa kinachotokea. Nguvu ya mawimbi ya kimbunga inapungua kadiri unavyoshuka, ndiyo maana kuta za kina huponea na miamba ya juu ndiyo inayokula kipigo. Na miamba ya juu ndiyo ya wanaosnokeli, yaani watoto wako. Mchanga nao ni habari nyingine kabisa. Mawimbi huupeleka nje, bahari ikitulia sehemu yake inarudi, na isiporudi serikali inaleta meli ya kunyonya mchanga kutoka chini ya bahari na kuumwaga. Cancún walifanya hivyo 2006 baada ya Wilma hiyo hiyo, na miaka michache baadaye wakarudia tena maana bahari ilishauchukua. Ufukwe unaweza kununuliwa ndani ya miezi. Tumbawe la matawi likibahatika huongezeka kama sentimita 10 kwa mwaka, na lile la duara ni sentimita 1 au pungufu. Lile nililoliona limepinduka lilikuwapo kabla babu yangu hajazaliwa.

Na Jamaika wana historia yao. Kimbunga Allen cha 1980 kiliponda miamba ya pwani ya kaskazini. Kabla haijapata nafuu, 1983 ugonjwa ukafyeka wale viumbe wa miiba mirefu myeusi wanaokula mwani (ukiwahi kumkanyaga mmoja Nungwi huwezi kumsahau), samaki wanaokula mwani nao walishavuliwa mno, mwani ukafunika kila kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 matumbawe hai yalifunika nusu ya miamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa chini ya asilimia 5. Joto la bahari la 2023 nalo liliyapausha matumbawe. Halafu 28 Oktoba 2025 Melissa ikatua kusini magharibi mwa kisiwa ikiwa daraja la tano. Sisemi mwamba wa Montego Bay umekufa. Nasema picha ya mchanga haikuambii lolote kuhusu mwamba, na mwenye kukuambia "umerudi kama zamani", muulize zamani ipi.

Dai kitu kimoja tu: video ya chini ya maji, mita tatu hadi tano, ya mwamba ule ule watakaopelekwa watoto, yenye tarehe ya baada ya Melissa. Usiiombe kwa wakala, iombe kwa duka la wazamiaji wa pale pale, maana wao wanashuka kila siku na wengi hawaoni haya kukwambia ukweli. Waulize pia kama kuna watu walioingia majini wiki za mwanzo kugeuza matumbawe yaliyopinduka na kubandika vipande kwa saruji. Puerto Morelos kule Meksiko wana vikosi vya wazamiaji waliofunzwa kazi hiyo, na 2020 baada ya kimbunga Delta bima iliyokatwa kwa ajili ya mwamba ililipa wakaenda kuifanya. Pasipo na mtu aliyeshuka, vile vipande vinaendelea kuponda vilivyobaki.

Video ikija iweke hapa tuitazame wote, tena usiiangalie ukiwa na hamu ya kusafiri. Na hilo la "nafasi zinaisha Ijumaa" mwambie akadanganye wengine. Sehemu imepigwa na kimbunga juzi, nafasi zinaishaje?

Nguo za kuzamia kwa watoto, azima, usinunue.