Jibu: Kwa nini ukumbi mzima ulicheka mtu alipouawa?

Salama ndugu. Umeuliza kama wenzako wana roho mbaya, maana walicheka Marvin alipopigwa risasi ya uso garini kwenye filamu ya Pulp Fiction ya 1994. Kwanza rudia kipande kile, safari hii usikilize zaidi ya kutazama. Vincent, mmoja wa wauaji wawili waliomo garini, amegeuka kumuuliza Marvin maoni yake, soga tu, bastola ikafyatuka. Halafu wauaji hao wawili wanagombana kama watu waliomwaga chai! Kicheko kinatoka kwenye ule ugomvi, si kwenye kifo. Mimi nilicheka, kisha nikaziba mdomo. Nilipoirudia peke yangu, kimya. Kicheko cha ukumbini huambukiza kama miayo. Usipocheka nawe, usijilazimishe.