Mapigo ya moyo, mchangani na uwanjani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha tatu, Jambiani. Kwa kazi ya sayansi ya michezo nataka kujua kama kukimbia mchangani kunapandisha mapigo ya moyo kuliko uwanjani. Wenzangu 10 wamekubali kukimbia. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na mchanga wenyewe. Maji yakitoka, mchanga mbichi wa chini huwa mgumu kama sakafu. Ule mkavu wa juu, karibu na minazi, unazamisha mguu. Chagua mkavu.

Mtego uko kwenye mwendo. Ukiwaambia wakimbie watakavyo, mchangani watapunguza kasi na mapigo yatafanana. Kwa hiyo weka mita 400 kwa dakika 3 kote kuwili, mtu apige filimbi kila dakika wajue wamefika wapi.

Watano waanze mchangani, watano uwanjani, kisha wabadilishane baada ya siku mbili, saa ile ile ya jioni. Mwaka mmoja mimi niliwapeleka wote pwani kwanza. Kesho yake uwanjani miguu inawauma, vipimo vyote vikaharibika. Mpaka leo inaniuma.

Hesabu mapigo kabla ya kukimbia, na mara tu wakisimama, maana hushuka upesi. Tumia vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, si dole gumba, lina pigo lake. Sekunde 15, zidisha kwa 4.

Mwenye pumu asikimbie bila ruhusa ya mzazi. Mpe saa ashike.