Bomu halichagui mfiadini

Swali la juma hili lilikuwa: «Je, kila Mkristo aliyeuawa vitani ni mfiadini?» Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, wengi wangejibu ndiyo bila kusita. Kanisa Katoliki halina haraka hiyo, na maswali yake huweza kumuumiza aliyefiwa.

Kwanza linamtazama marehemu: je, alikubali kufa kuliko kuiacha imani, bila yeye mwenyewe kukitafuta kifo? Kisha linamgeukia muuaji: alisukumwa na nini? Lazima iwe chuki dhidi ya imani, au dhidi ya tendo jema lililozaliwa na imani hiyo. Kwenye hiyo «au» ndipo watu wanapopotea. Floribert Bwana Chui, mtumishi wa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, hapa mjini, aliuawa Julai 2007 akiwa na miaka 26, baada ya kukataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika vipite mpakani. Kwa juu juu, ni kesi ya feza tu. Uchunguzi ulionyesha kwamba kukataa kwake kulitoka katika Injili, na Juni 15, 2025 akatangazwa mwenyeheri, hatua iliyo kabla ya kutangazwa mtakatifu, huko Roma. Vivyo hivyo mtawa Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 akilinda nadhiri yake ya usafi.

Lakini anayepigwa na bomu la vita lililoanguka ovyo akiwa misani? Huenda amekufa kitakatifu kabisa. Ila bomu halikumtafuta kwa ajili ya imani yake. Na anayeambukizwa akiwauguza wagonjwa kwa mapendo, akijua hatari, ana njia nyingine: tangu Julai 2017 Papa Fransisko alikubali «kutoa uhai» kuwa sababu ya kutangazwa mwenyeheri. Njia hiyo hudai muujiza mmoja. Kwa mfiadini muujiza haudaiwi mpaka afikie hatua ya utakatifu.

Kinachoharibu kesi nyingi za kutangaza wenyeheri ni sisi waamini wenyewe, kwa wema wetu. Tunachapa picha ya marehemu yenye mwanga kichwani, tunaiweka altareni, tunamwimbia litania. Heshima ya hadhara kabla ya tangazo la Kanisa imekatazwa tangu enzi za Papa Urbano VIII, na inaweza kuikwamisha kesi. Kumwomba nyumbani hakukatazwi. Kosa lingine ni mashahidi kukaa pamoja na kulinganisha maneno: wote wakisema sentensi ileile, hakuna atakayewaamini. Kila mmoja aseme peke yake alichoona, na alichosikia amtaje aliyemwambia. «Alikuwa mtu mwema sana» haisaidii kitu. Andika alisema nini, siku gani, mbele ya nani.

Askofu hafungui kesi kabla ya miaka 5 kupita tangu kifo, lakini kuandika hakungoji miaka hiyo. Wafiadini wanne wa Baraka na Fizi, huko Kivu ya Kusini, waliuawa Novemba 28, 1964 na kutangazwa wenyeheri Uvira Agosti 18, 2024. Katika miaka karibu 60, hesabu wazee wangapi waliokuwa wameona kwa macho yao wamekwisha kuzikwa.