Re: Bosi anataka nisaini barua ya kuacha kazi kwa hiari

Mkuu, pole sana. Kama nimekuelewa, una miaka mitatu stoo hapo Dar, mzigo umepotea, bosi kakwambia getini "kesho usije", na sasa HR anakupigia uende kusaini barua ya kuacha kazi mwenyewe.

Usisaini! Ukishasaini, wewe ndiye utakayehangaika kuonyesha kwamba ulilazimishwa. Usiposaini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri athibitishe kuwa alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Na utaratibu haukufuatwa: ulipaswa kupewa tuhuma zako, angalau saa 48 za kujiandaa, kisha kikao ambacho unaruhusiwa kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Hata kama mzigo umepotea kweli, maneno ya getini si kikao.

Kinachonitia wasiwasi ni muda. Una siku 30 tu tangu ulipoachishwa kupeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi. Wengi wanasubiri bosi apoe, siku zinapita, wanabaki kuomba kuongezewa muda. Chukua fomu namba 1, ijaze, mpelekee mwajiri nakala na asaini kuwa ameipokea, ndipo uiwasilishe. Mnaanza na usuluhishi, huhitaji wakili.

Hizo simu za HR, mwombe akuandikie meseji, na usifute kitu. Tafuta pia salary slip na taarifa ya michango yako NSSF, hasa kama hukupewa mkataba wa maandishi.

Ulifukuzwa tarehe ngapi?